Lenzi Isiyoona Mbali

Wiki iliyopita, nikiwa Beni kwa kazi ya gazeti, nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba mpiga picha mzee wa Kimemi, mtaa mmoja wa Butembo, amefariki. Presha ilimwangusha asubuhi akiwa kibarazani anafuta vumbi kwenye kioo cha lenzi. Adhuhuri alikata roho, na kwa kuwa alikuwa Mwislamu, alasiri hiyo hiyo alizikwa. Nilifika Butembo kesho yake nikakuta kaburi limeshafunikwa, wanaume wamekaa kwenye mikeka, na sufuria za matanga ziko jikoni. Jina lake sitalitaja. Familia imeomba hivyo, na katika miji yetu ombi kama hilo halihitaji maelezo. Wala siandiki ili niwalize wasomaji wa safu hii, ambao machozi wanayo ya kutosha. Naandika kwa sababu pale mkekani niliwasikia watu wawili, wenye heshima zao, wakisema kwamba marehemu alikuwa mtu mwema sana, ila uzee wake aliupoteza kwa vitu vya kuchezea. Maneno hayo nayakataa. Safu nzima ya leo ni ya kuyakataa.

Wenye umri wa wazazi wangu wanaikumbuka studio yake: chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria ikipita juu yake. Nusu ya mtaa ilipigwa pale picha ya komunyo, ya harusi na ya mtoto wa kwanza. Simu zenye kamera zilipoingia mjini, wateja walipungua hadi akabaki na picha ndogo za pasi za kusafiria peke yake, kisha hata hizo zikaenda. Siku ya kurudisha chumba kwa mwenye nyumba alikuwa na makasha ya negativu yaliyofika kifuani, na hakuwa na pa kuyaweka. Aliyachoma nyuma ya nyumba. Aliniambia kwamba filamu huungua kwa moshi mzito unaonuka vibaya, na kwamba majirani walilalamikia nguo zao walizoanika kambani. Nyuso zilizokuwa zikiungua hazikulalamikiwa na mtu. Lenzi zake tatu za zamani alizifunga kwa kitambaa ndani ya kopo la biskuti, akaenda kusimamia ghala la msafirishaji mmoja wa mizigo, akipokea magunia ya kahawa na kakao kutoka pande za Beni na Kamango. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi hadi magoti yalipokataa, akastaafu.

Alikuwa na miezi michache tu ya kupumzika alipokuja jirani mmoja, mama mkulima. Mwanawe alikuwa ameuawa shambani karibu na Beni, na hali ya mwili ilikuwa ya kufanya jeneza lisifunguliwe. Kwetu, msafara wa maziko wa majirani zetu Wakatoliki hutanguliwa na picha. Dada au mpwa wa marehemu huibeba kifuani ikiwa kwenye fremu, ili mtaa ujue ni nani anayepita kwa mara ya mwisho. Mama huyu hakuwa na picha. Simu ya kijana waliichukua waliomuua. Lakini alikumbuka kwamba studio ya Kimemi ilimpiga mwanawe siku ya komunyo yake ya kwanza, akamwomba mzee amtafutie negativu. Mzee angeweza kusema kwamba zilioza kwa unyevunyevu wa milima yetu, na mama angeamini. Hakusema hivyo.

“Nilizichoma, mama.”

“Zote?”

“Zote.”

Mama alisimama kutoka kwenye stuli, akajifunga kitenge vizuri. “Basi tutamuzika kama mugeni,” alisema, bila hasira, kama mtu anayepanga kazi ya kesho. Msafara ukapita mbele ya nyumba ya mzee ukitanguliwa na msalaba peke yake. Watoto wa mtaa waliulizana ni nani amekufa, na yeye aliyasikia maswali yao akiwa mlangoni kwake. Siku ya pili alilifungua kopo la biskuti.

Ndani ya vioo ukungu ulikuwa umeota kama nyuzi za buibui. Alizifungua lenzi skrubu kwa skrubu, akasafisha kwa spiriti na kitambaa cha shashi, akazihifadhi kwenye mtungi wenye mchele mkavu ili zisishike unyevu tena. Kamera ya dijitali aliipata kwa mpwa wake mfanyabiashara, aliyemletea kutoka Dubai ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Wanawe walimsihi apumzike. Wazee wenzake walimkumbusha kwamba maji yakimwagika hayazoleki, naye akawajibu jibu ambalo hadi leo nalihesabu kuwa bora kuliko methali yenyewe: “Munachukua kitambaa, munapangusa, munakamua. Haitajaa ndoo, mais mutu atanawa uso.” Mais, kwetu, ni lakini.

Ugumu ulikuwa kwamba mdomo wa kamera mpya na kitako cha lenzi ya zamani havikuumbwa kukutana. Kati ya viwili hivyo inatakiwa pete ya chuma, na unene wa pete hiyo lazima uwe kamili. Ukizidi hata kidogo, lenzi hukaa mbali mno na moyo wa kamera, ikawa kipofu kwa kila kitu kisichokuwa karibu nayo. Mjini hakuna anayeuza pete za namna hiyo. Mzee akachora mchoro, akaandika vipimo, akampelekea fundi wa kuchonga vyuma, mtu ambaye maisha yake yote amechonga vipuri vya pikipiki za kubebea abiria. Fundi alichonga pete nzuri ya alumini, ikang'aa kama ya harusi. Nyumbani mzee akaivisha. Kwenye kioo cha kamera likatokea onyo kwamba hakuna lenzi. “Muache iseme,” akamwambia mkewe. Akaelekeza kamera kwenye mikaratusi ya mlima wa mbele. Mikaratusi ikawa moshi mtupu. Akazungusha lenzi hadi mwisho, bado moshi. Akarudi kwa fundi amekunja uso.

“Fundi, nilikuandikia namba.”

“Niliiona, Papa. Mais mi naongezaka kidogo. Kwa piki, kitu kinene kinalikaka, kinakaa muzuri. Kitu chembamba kinakufaka mu njia.”

“Hii haiko piki. Haiende fasi yoyote.”

“Kila kitu kinalikaka, Papa, kinapunguka. Uvumilie mwaka moja.”

Mzee alikuwa bado anagomba, kamera mkononi, alipoielekeza kwa hasira kwenye kitu kilichokuwa karibu zaidi, ili amwonyeshe fundi upofu wake. Ukutani, kando ya mashine, kulikuwa na picha ndogo ya pasi iliyobandikwa kwa utepe, nyeusi kwa mafuta ya gia: baba yake fundi, aliyefariki fundi akiwa bado shuleni. Mzee alisogea, akasogea tena, na ghafula uso ule mdogo kama ukucha ulijaa kioo chote, na nyuzi za kola ya shati zikahesabika. Akampa fundi kamera. Fundi alipangusa mikono yake kwenye suruali mara mbili kabla ya kuipokea, akatazama muda mrefu, mashine ikiendelea kuzunguka bure.

“Eko na alama pa jicho,” alisema mwishowe. “Nilisahauka ile alama.”

Pete ya pili fundi aliichonga kwa namba, na kwa pete hiyo mzee alipiga picha za harusi na za milima kama watu wengine. Lakini pete nene hakukubali ipunguzwe hata unywele. Hiyo ndiyo iliyofanya kazi ya uzee wake. Katika nchi hii wengi wetu picha pekee tuliyo nayo ni ile ya kadi ya uchaguzi, ndogo, iliyofifia kwa jasho la mfukoni, ambayo simu ikiipiga hutoa doa la kijivu lenye matundu mawili. Lenzi ya mzee, iliyofungwa kwenye kosa la fundi, ilichota humo nyuso za watu. Aliuelekeza mwanga kwa mkono, akasogeza kiwiliwili chake mbele na nyuma kama mtu anayepima mlango, akashika pumzi, akabonyeza. Kila uso ulichapishwa mara mbili, nakala moja ya familia, moja ya sanduku lake la mbao. Nyuma ya kila nakala mfiwa aliandika kwa penseli, kwa mkono wake mwenyewe, jina kamili na mahali alikozaliwa. Bwana mmoja kutoka Kamango aliandika “Baba” peke yake. Mzee alimrudishia penseli. “Baba, hata mimi niko naye. Huyu aliitwa nani?”

Vijana wenye simu kubwa walimtania. Mmoja alimuuliza mbele yangu kama ile ni kamera au ni bomba la maji. “Ni bomba,” alijibu mzee. “Kuya karibu nikunyweshe.” Hakuzidharau simu zao. Alisema tu kwamba siku hizi kila mtu ana kamera na hakuna mwenye picha. Mimi, niliyesomea uandishi chuo kikuu na kufundishwa kwamba teknolojia imempa mwananchi kumbukumbu yake, nilimbishia kwa hoja nyingi. Kisha nikajiuliza iko wapi picha ya bibi yangu niliyompiga mwaka aliofariki. Ilikuwa kwenye simu iliyoibwa sokoni. Tumeambiwa kwamba kipya hufuta cha zamani na kwamba kubaki nyuma ni aibu. Mzee huyu alikishika cha zamani akakilazimisha kikae kwenye kipya, na kipya kilipokataa, akakiacha kilalamike huku akiendelea na kazi. Sijui darasa gani lingenifundisha hilo.

Nina deni moja la ukweli kwenu. Kuna siku nilimwita mwoga. Kijiji kimoja karibu na Beni kilikuwa kimeshambuliwa, miili ikaletwa kwenye ua wa hospitali, nami nilitumwa na gazeti. Simu yangu ilikuwa mbovu, nikamwomba mzee anisindikize na kamera yake. Alikubali kusafiri. Tulipofika getini na akaona shuka zimepangwa chini, alisimama.

“Mademoiselle,” akaniita, kama tunavyomwita msichana kwa Kifaransa, “ile picha utaitia fasi gani?”

“Ku gazeti, Papa. Dunia ione.”

“Dunia iliona. Iliona mingi. Kati yao, nani aliulizaka jina?”

Nikamwambia kwamba kufumba macho ni kuwasaidia wauaji, na neno lile la uoga likanitoka mbele za watu. Aligeuka akaenda nje ya ukuta, walikokuwa wamekaa ndugu wa marehemu, akawaamkia mmoja mmoja, akaketi chini pamoja nao. Baadaye kidogo nilimwona ameitandika kanzu yake juu ya benchi, kadi moja katikati, na watu wamesimama wakimkinga upepo. Mimi niliingia na simu yangu mbovu nikazipiga picha zile shuka. Picha yangu ilitoka ukurasa wa mbele. Siku mbili baadaye nilinunua mandazi njiani, na muuzaji akanifungia kwa ukurasa ule. Picha za mzee zilitangulia mbele ya majeneza, na kila jeneza lilipopita, watu waliokuwa kando ya barabara walivua kofia wakitamka jina.

Tangu hapo nilikuwa nikienda kwake Jumamosi. Alinishikisha kamera yenye pete nene, “kosa” kama alivyoiita, na kunifundisha kusimama. Nilisogea kupita kiasi, picha zikaharibika, akazifuta akanirudishia kamera. Sikuwahi kupiga hata moja iliyomridhisha.

Sasa nirudi matangani. Siku ya pili, kabla ya sala ya adhuhuri, pikipiki ilisimama nje akashuka mama mmoja wa makamo mwenye rozari shingoni. Alitoka Mangina, akalala Beni, na hakuwa na habari ya kifo. Aliona mikeka akaelewa, akapiga magoti kumpa pole mjane, kisha akabaki amekaa, mkono umefumba kitu. Binti wa nyumba akamuuliza kwa upole kama ana shida. Ndipo aliposema. Mumewe alifariki wakati wa Ebola. Aliwekwa ndani ya mfuko uliofungwa, akazikwa na watu waliovaa mavazi ya kinga, naye akatazama kutoka mbali alikoamriwa kusimama. Hakuuona uso wake. Kwa miaka yote hii familia haijaondoa matanga kwa sababu wakwe walisema hawawezi kuyaondoa mbele ya ukuta mtupu. Safari hii misa ilikuwa imepangwa, Jumamosi hii, watu wamekwisha kualikwa, na mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa tumboni baba alipokufa, atabeba picha ya baba asiyemjua. Alifungua mkono. Kadi ya uchaguzi ilikuwa imevunjika pembe moja, na uso juu yake umebaki kama alama ya kidole.

Mzee mmoja wa familia alisema kwa heshima kwamba leo haiwezekani. Marehemu hana hata siku tatu, kamera ipumzike, na si vizuri kufanya kazi mahali pa msiba. Wengine waliitikia. Nami nakiri kwamba nilifarijika, kwa sababu nilijua baada yake mtu pekee aliyeishika kamera ile ni mimi. Yule mama alianza kuirudisha kadi kwenye kitambaa, akasema “wasingya”, asante ya Kinande, kwa watu ambao hawakumpa chochote.

Mjane alisimama, akaingia chumbani, akatoka na kamera ikiwa na pete nene, akaniwekea mapajani.

“Mama,” alisema yule mzee wa familia, “tumuheshimu mufu.”

“Shemeji, huyu mama alisimamishwa mbali siku ya bwana yake,” mjane akajibu. “Hapa kwangu hatasimama mbali.” Akanigeukia. “Na wewe, acha kulia. Machozi yataingia mu kioo.”

Nikatoka kibarazani palipokuwa na mwanga. Mjane mwenyewe alishika karatasi nyeupe upande mmoja ili irudishe mwanga. Kamera ikanionya kwamba hakuna lenzi. Nikasogea mbele, uso ukaja ukapotea. Nikarudi nyuma nusu ya kidole. Nikabonyeza nikakosa, nikabonyeza nikakosa. Wanaume wa mkekani walikuwa wameacha mazungumzo. Mwendesha pikipiki aliingia kuuliza kama bado sana, kwa sababu barabara ya Beni si ya kuchelewa, akaona, akarudi nje akazima injini akangoja. Mara ya saba au ya nane sikuigusa lenzi kabisa. Nilishika pumzi na kuacha mwili wangu uende kidogo kidogo, na kutoka katika ile alama ya kidole akatokea mwanamume mwenye nyusi zilizokutana, mdomo umefungwa kama anayejizuia kucheka. Nikabonyeza. Nikampa mama kamera.

Hakulia. Alimtazama kama mtu anayemkagua mumewe kabla ya kutoka kwenda misa, kisha akasema, “Njo yeye, ni huyu mwenyewe. Alikuwa anakatalaka kucheka mbele ya batu ya serikali.” Mjane akacheka. Halafu wale wanaume wa mkekani, akiwamo yule mzee wa familia, wakacheka pia, na sidhani kama kuna dua iliyofanywa siku ile iliyopanda juu kuliko kicheko kile. Tulichapisha nakala mbili kwenye duka la picha, na mama aliandika jina nyuma, polepole, majina yote matatu na kijiji. Nakala moja ilikwenda Mangina kabla ya saa tisa, na nyingine ikaingia sandukuni.

Kwa hiyo nawauliza mliosema alipoteza uzee wake: mlitaka autumieje? Akae kivulini akingoja zamu yake? Wanaotushambulia wanataka tufe bila sura, na wanaotuonea huruma kutoka mbali wameridhika na idadi yetu. Kati ya hao wawili alisimama mstaafu mwenye magoti mabovu na vioo vya zamani, akawakatalia wote. Yeye aliyewahi kuchoma nyuso za mtaa mzima hakukubali kwamba kosa humaliza wajibu wa mtu. Aliliona kosa kuwa mahali pa kuanzia kazi. Nilichojifunza kwake ni hiki, nami nakisema bila kuomba radhi: hakuna umri wa kustaafu kumjua jirani yako kwa uso na kwa jina, na hakuna vita vilivyo vikubwa kiasi cha kutupa ruhusa ya kuacha.

Mjane ameamua kwamba sanduku halitafungwa. Nitakuwa Kimemi, kibarazani kwake, kila Jumamosi asubuhi maadamu kuna mwanga. Njooni na kadi, hata ikiwa imevunjika, hata ikiwa mmeambiwa kwamba hakuna kinachoonekana tena juu yake. Penseli ipo. Jina mtaliandika wenyewe, lote.